Saa ya Maswali



Nataka tuzungumze habari ya ada moja ya vyuo vikuu ambayo watu walio nje ya malango yao aghalabu hawaijui, ijapokuwa athari zake huwafikia mpaka majumbani mwao, na katika wodi wanamolazwa watoto wao. Katika idara ya saikolojia, yaani idara inayochungua akili na nafsi ya binadamu na mwenendo wake, huwako siku maalumu katika juma, mara nyingi baada ya adhuhuri, ambapo walimu na wanafunzi huacha kazi zao wakakusanyika katika chumba kimoja kumsikiliza mtu anayeeleza utafiti alioufanya. Tangazo hubandikwa ubaoni siku chache kabla: jina la mzungumzaji, chuo atokako, mada yake kwa mstari mmoja au miwili, saa na chumba. Mzungumzaji huenda akawa profesa mgeni aliyetoka ng'ambo, au huenda akawa mwanafunzi wa uzamivu anayesimama mbele za watu kwa mara ya kwanza, na mkono unamtetemeka anapobadilisha picha ukutani. Hueleza jambo lake kwa muda wa dakika 45 hivi: swali alilokuwa nalo, watu aliowachungua na jinsi alivyowapata, kazi aliyowapa waifanye, hesabu zilizotoka, na maana anayodhani hesabu hizo zinayo. Kisha mwenye kiti husimama, humshukuru, na husema, "Haya, maswali."

Hapo ndipo ninapotaka tukae jioni hii. Ziko shughuli nyingine katika idara hizo, kama vile utetezi wa tasnifu, na siku ya mabango ambapo kila mtafiti husimama kando ya karatasi yake akingoja wapitao wamsaili, na vikao vidogo vya kusoma pamoja makala moja na kuichambua sentensi kwa sentensi. Lakini zote hizo kiini chake ni kimoja. Rai yangu, nami naitamka wazi mapema ili msikilizaji aipime, ni kwamba ile nusu saa ya maswali ndiyo kazi yenyewe ya ilimu, na yale maelezo yaliyotangulia ni matayarisho yake. Na haja hii ni kubwa zaidi katika saikolojia kuliko katika ilimu nyingi, kwa sababu nafsi haiwekwi juu ya mizani. Mtafiti humwona mtoto akilia, naye huandika daftarini kwamba mtoto ana huzuni. Humwona mtu akikawia kujibu, huandika kwamba anafikiri. Baina ya kilichoonekana na jina kilichopewa pana masafa, na mwenye utafiti, kwa kuwa ameishi na kazi yake miaka mingi, hayaoni tena masafa hayo. Hana budi kupata mtu mwingine, asiye na hasara wala faida katika jambo lile, amwulize: umejuaje?

Asili ya ilimu hii kama kazi ya maabara hutajwa kuwa ni mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, na wanafunzi wakamwendea kutoka nchi nyingi. Mmoja wa Wamarekani waliosoma kwake, G. Stanley Hall, ndiye baadaye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Clark katika mji wa Worcester, Massachusetts; na chuo hicho kilipotimiza miaka 20, mwezi wa Septemba 1909, aliwaalika mabingwa wa kila upande waje wazungumze, akiwamo daktari wa Vienna ambaye Marekani ilikuwa bado haimjui sana, Sigmund Freud. Freud alitoa mihadhara mitano kwa Kijerumani, siku tano mfululizo, bila ya karatasi; asubuhi alitembea na rafiki yake Sándor Ferenczi wakipanga kwa mdomo yale atakayoyasema siku hiyo. Miongoni mwa waliokuja kumsikiliza alikuwako William James wa Harvard, mzee mwenye heshima kubwa kuliko wote katika ilimu hiyo nchini mwake, ambaye moyo wake ulikuwa mgonjwa na aliyefariki mwaka uliofuata. Freud mwenyewe alisimulia kwamba walipokuwa wakitembea pamoja, James alisimama ghafula, akamkabidhi mkoba wake, akamwomba atangulie, naye atamfuata maumivu ya kifua yakimpitia.

Nimelitaja tukio hilo kwa ajili ya jambo ambalo James aliliandika katika barua baada ya siku zile. Hakuvutwa na aliyoyasikia. Alimwona Freud kuwa mtu aliyeshikwa na mawazo yasiyogeuka. Hata hivyo alisema anatumaini Freud na wanafunzi wake watayasukuma mawazo yao mpaka kikomo chake, ili watu wapate kujua ni mawazo gani hasa. Hii ndiyo adabu ya msikilizaji ninayoistahi: mgonjwa amefunga safari, amesikiliza kwa lugha ya kigeni, ameshuku, na shaka yake haikumfanya atake mwenziwe anyamazishwe.

Wakati mwingine mhadhara wenyewe huzaa wazo lisilokuwako kabla yake. Mwaka 1955 mwanasaikolojia George Miller alialikwa kuwahutubia wanasaikolojia wa majimbo ya mashariki ya Marekani kwa muda wa saa nzima, naye alikuwa na tafiti mbili ndogo zisizohusiana, ambazo hata moja haikutosha kuijaza saa hiyo. Akatafuta kiungo, akaona kwamba katika zote mbili hesabu iliyotokea ilikuwa karibu na 7: mtu hupambanua sauti au ukubwa wa vitu kwa daraja kama 7 tu kabla hajaanza kukosea, na mtu hushika kichwani tarakimu kama 7 akisomewa mara moja. Makala iliyotoka katika mhadhara huo, mwaka 1956, imekuwa miongoni mwa makala zinazotajwa mno katika ilimu yote ya akili.

Lakini nataka nikae zaidi na habari ya watoto na mama zao, kwa kuwa hakuna mahali pengine ninapoona wazi kiasi hiki kazi ya swali lililoulizwa katika ukumbi, na pia kwa kuwa sehemu yake kubwa ilitokea hapa kwetu, Afrika ya Mashariki.

Katika miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hospitali nyingi za Uingereza hazikuwaruhusu wazazi kumwona mtoto aliyelazwa ila siku ya Jumapili kwa muda mfupi, na penginepo hawakuruhusiwa kabisa. Wauguzi walisema kwamba mtoto hulia siku ya kwanza na ya pili, kisha hutulia, na kwamba mama akija humvurugia utulivu wake. Akatokea Mskoti mmoja, James Robertson, ambaye wakati wa vita aliajiriwa kwa kazi za mikono katika makao ya watoto aliyoyaongoza Anna Freud, binti wa Sigmund Freud, pale Hampstead, mahali ambapo kila mfanyakazi, awe mlezi au mtia makaa, alitakiwa aandike katika kadi yale aliyoyaona kwa watoto. Huko alijifunza kuangalia. Baadaye, akifanya kazi na daktari John Bowlby katika Kliniki ya Tavistock mjini London, aliona kwamba kule kutulia kunakosifiwa si utulivu, bali ni mtoto aliyekata tamaa. Naye alijua kwamba akisimama mbele ya madaktari akawaambia hivyo kwa maneno matupu, hawatamsadiki. Akachukua kamera. Akamchagua kwa bahati nasibu mtoto mmoja wa kike wa umri wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo, na kila siku akampiga picha za sinema kwa saa zile zile, na saa ya ukutani ikaonekana katika picha, ili asije mtu akasema amechagua nyakati za machozi akaacha nyakati za kicheko.

Tazameni, wasikilizaji, ile saa ya ukutani. Kabla hajaingia ukumbini, Robertson alikwisha kulisikia swali atakaloulizwa, akalijibu ndani ya kazi yake. Mtu ajuaye kwamba atasailiwa hadharani hufanya utafiti wake kwa namna nyingine kabisa, na hii ni faida ya mikutano hii ambayo haionekani kwa jicho, kwa kuwa inatendeka miezi mingi kabla ya tangazo kubandikwa. Sinema hiyo ilionyeshwa mwaka 1952 mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Matabibu mjini London, na ghadhabu iliyotokea ilikuwa kubwa. Wako waliosema kwamba amewasingizia madaktari na wauguzi, na kwamba picha zile zisionyeshwe tena. Lakini hawakuweza kusema kwamba saa ya ukutani imedanganya. Miaka ikapita, mmoja mmoja akarudi wodini kwake akayaona yale yale, na mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikaipendekezea serikali kwamba wazazi waruhusiwe kuwazuru watoto wao hospitalini saa yoyote.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1954 aliwasili Kampala mama mmoja msomi, Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Toronto, ambaye alikuwa amefanya kazi kwa Bowlby kule London na ambaye mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika ya Mashariki pale Makerere. Alikusudia kuchungua desturi aliyoisikia, kwamba mtoto wa Kiganda akiachishwa ziwa hupelekwa mbali na mama ili alisahau. Alipofika akakuta kwamba desturi hiyo kwa sehemu kubwa imekwisha, akageuza nia. Akajifunza Kiganda kadiri alivyoweza, akapata mwanamke wa kumsaidia kufasiri, akaanza kuzizuru familia 26 katika vijiji vya kandokando ya Kampala, kila baada ya majuma mawili, saa mbili kila ziara, kwa muda uliofika miezi 9. Alikwenda alasiri, wakati ambapo wanawake wa Kiganda hukaribisha wageni wao sebuleni, akakaa na mama, wakazungumza, na huku macho yake yako kwa mtoto.

Alichokiona ni kitu ambacho kila mlezi amekiona na wachache wamekiangalia. Mtoto aliyeanza kutambaa humwacha mama, akaenda mpaka mlangoni kuchungulia kuku au kumshika mgeni nguo, kisha akageuza uso kumtazama mama yake, akarudi, akamgusa goti, akaondoka tena. Akiingia mtu asiyemjua, humkimbilia. Akilia, huenda akachukuliwa na huyu na yule asinyamaze, na akichukuliwa na mama hunyamaza papo hapo. Ainsworth alikuja Uganda akiwa na shaka juu ya mawazo ya Bowlby, ambaye alikuwa ameanza kusema kwamba mtoto hamfuati mama kwa ajili ya maziwa tu, na kwamba kushikamana naye ni maumbile kama yalivyo maumbile ya wanyama wengi. Hapo sebuleni shaka ikamwondoka. Kati ya watoto 28 aliowaangalia, 16 aliwahesabu kuwa wamemshika mama kwa utulivu, 7 kuwa wamemshika kwa wasiwasi, na 5 kuwa bado hawajaonyesha dalili hiyo. Akaona pia, na jambo hili lanigusa sana, kwamba mama aliyeweza kusimulia kwa urefu na kwa utambuzi habari za mtoto wake, anapenda nini, anachukia nini, ameanza lini kufanya hili na lile, aghalabu ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu.

Baada ya miaka michache alirudi London kuyaeleza hayo katika mkutano ambao Bowlby alikuwa akiuitisha pale Tavistock, ambamo wachunguzi wa watoto wachanga walikaa meza moja na wachunguzi wa wanyama. Nao hawakumwachia apite. Walimwuliza: hicho unachokiita kushikamana ni kitu gani hasa? Ukisema mtoto huyu ameshikamana na mama na huyu bado, ni kitendo gani alichokitenda ambacho mtu mwingine, asiyekuwako Uganda, angekiona akakubali? Lilikuwa swali zito, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akitegemea jicho lake na ujuzi wake, na jicho la mtu mmoja haliazimwi. Ainsworth akarejea kwenye madaftari yake ya Uganda, akayapekua ziara kwa ziara, akatoa orodha ya vitendo vinavyoonekana: kulia mama aondokapo lakini si aondokapo mwingine, kunyamaza anapochukuliwa na mama, kumchekea kwa namna asivyomchekea mtu mwingine, kumfuata, kumpanda mapajani, kuondoka kwake kwenda kutembea na kumrudia, kumkimbilia kwa hofu.

Orodha hiyo ndiyo aliyoitumia Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikoanza upya na familia nyingine 26 za Kimarekani, akizitembelea majumbani kwa saa nyingi, jumla yake kama saa 72 kwa kila familia. Na huko ndiko alikobuni jaribio la dakika kama 20 ambalo leo hutumika duniani kote: mama na mtoto wa mwaka mmoja katika chumba chenye vitu vya kuchezea, mgeni akaingia, mama akatoka kidogo, akarudi, na mtafiti akaandika jinsi mtoto alivyompokea. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kazi hii ilianzia Baltimore. Ilianzia katika sebule za Buganda, na kilichoifanya iwe ilimu ya watu wote, badala ya kubaki ujuzi wa mtu mmoja mwenye macho makali, ni lile swali la London.

Hata hivyo liko pengo, nami siwezi kulipita. Waalikwa wa Tavistock walikuwa mabingwa. Wale akina mama waliofungua milango yao na kusimulia habari za watoto wao hawakuwa miongoni mwao. Laiti wangaliketi pale, nadhani wangaliuliza jambo ambalo mabingwa wale hawakuwa na sababu ya kulifikiri kwanza: mbona umemtazama mama zaidi ya wengine, na katika nyumba zetu mtoto hulelewa na bibi, na shangazi, na dada yake wa miaka tisa anayembeba mgongoni mchana kutwa? Ainsworth mwenyewe aliwaona walezi hao na akawaandika, lakini uzito wa swali ulikuja kuhisiwa baadaye sana, pale wachunguzi kama Robert LeVine, aliyefanya kazi miaka mingi kwa Wagusii wa Kenya, walipouliza kama kipimo kilichokamilishwa kwa familia za mji mmoja wa Marekani chaweza kuwahukumu watoto wa ulimwengu mzima. Maswali hayo sasa yamo vitabuni. Mama wa kijijini angaliyauliza alasiri ile ile.

Wala hili si jambo la zamani. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alizipitia makala za majarida makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa nchi yake, akakuta kwamba watu waliochunguzwa, kwa kiasi cha 96 katika kila 100, walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, nchi ambazo wakazi wake ni kama 12 tu katika kila 100 ya wanadamu. Na mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa, na zilizotoa tena matokeo ya kuaminika kihesabu hazikufika 40. Mimi siyasomi hayo kama aibu ya ilimu hii, kwa kuwa ni wenyewe waliojisaili na kuitangaza hesabu. Lakini yanionyesha ni mara ngapi mtu alimaliza maelezo yake katika ukumbi fulani, akapigiwa makofi, na asiwepo wa kumwuliza: uliwachungua wangapi? Wametoka wapi? Ukirudia kesho utapata hayo hayo?

Kwa hiyo naumia ninapoona jinsi saa hii inavyotendewa katika kumbi nyingi. Mzungumzaji amepewa dakika 45 na anatumia 70. Mwenye kiti, kwa kumwonea haya mgeni, hamkatizi. Mwishowe husema ziko dakika tano, nazo huchukuliwa na profesa mmoja ambaye hana swali ila ana hotuba. Mwanafunzi aliyekaa nyuma, ambaye ameona kosa katika mchoro wa tatu, hufunga daftari lake akaondoka nalo. Ziko idara zilizoweka kanuni kwamba maswali mawili ya kwanza ni ya wanafunzi, na wakubwa hungoja. Kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Tena katika vyuo vyetu liko jambo la lugha. Utafiti umefanyika kwa Kiswahili, au kwa Kiganda, au kwa Kigusii. Majibu yametolewa kwa lugha hiyo. Lakini ukumbini kila kitu kimegeuka Kiingereza, na yule mwanafunzi mwenye swali kali analipima mara mbili, kwanza kama ni kweli na pili kama ataweza kulitamka bila ya kuchekwa, na mara nyingi ile ya pili ndiyo inayomshinda. Sioni lazima gani inayotuzuia kuendesha nusu saa hiyo kwa Kiswahili pale ambapo wote waliomo wanakijua.

Na pale watafiti wetu wanapokuwa wamewachungua watu wa mtaa au kijiji fulani, ningependa mhadhara uleule upelekwe huko kabla ya kwenda Ulaya, na usipelekwe kama zawadi wala hotuba ya shukrani. Mwenye kiti awe mmoja wa wenyeji. Hesabu zielezwe kwa maneno yanayoeleweka, yale yasiyopendeza yasifichwe, na muda wa maswali uwe mrefu kuliko muda wa maelezo. Na akiwapo mwanamke atakayesema, "Mimi ndimi niliyejibu hivyo, na sikuwa na maana uliyoandika wewe," basi katibu aiandike kauli hiyo kwa jina lake akipenda, nayo iingie katika makala pamoja na hesabu nyingine.